Jibu la mgongano elastiki linakataa? Niambie dalili, tutafute ugonjwa

Wikendi nafundisha watoto wa majirani fizikia hapa Umoja, Nairobi, wengi wako fomu 3, wengine wawili watatu wameingia chuo mwaka wa kwanza, na kuna swali moja haliishi kwa simu yangu. Jumapili jioni inaingia picha ya ukurasa wa daftari, imepigwa na mwanga hafifu, na chini yake maneno "ticha nimerudia mara tatu na jibu si ile ya nyuma ya kitabu, shida iko wapi?" Nikifungua napata ni mgongano elastiki, yaani vitu vinagongana na nishati mwendo yote inabaki ile ile. Na mara nyingi hesabu yenyewe imefanywa vizuri sana, hakuna mahali mtoto amejumlisha vibaya, kosa lilitokea laini ya kwanza ama hata kabla, pale alikuwa bado anasoma swali.

Kwa hivo nimeandika hii venye fundi wa gari hufanya kazi, unamwambia gari inalia aje na yeye anakuambia tufungue wapi. Usifute ukurasa mzima. Tafuta dalili yako hapa chini, zingine ruka.

Tutembee na mfano mmoja. Troli A ni kilo 2, inaenda kulia na 3 m/s. Troli B ni kilo 1, inakuja kushoto, nayo pia 3 m/s. Zinagongana uso kwa uso, mgongano ni elastiki, msuguano hakuna. Jibu sahihi ni A inarudi kushoto na 1 m/s, B inarushwa kulia na 5 m/s. Liandike kando hilo jibu manake sasa tutaliharibu makusudi kwa njia tofauti tofauti ndio uone kila kosa linaacha alama yake.

DALILI: Umepata zote mbili zinaenda 3 m/s, upande mmoja

Hii ndio naonanga zaidi ya zote. Umeandika u1 = 3 na u2 = 3 (u ni velositi ya kabla, v ni ya baada), momenta ya kwanza, yaani masi mara velositi, ukapata 2×3 + 1×3 = 9, ukaendelea vizuri mpaka mwisho, na jibu likatoka v1 = 3, v2 = 3, kama hakuna kitu kimetendeka. Na kweli hakuna kitu kimetendeka! Uliiambia hesabu kwamba troli zote mbili zinaenda kulia na mwendo sawa, na vitu viwili vikienda upande mmoja na mwendo sawa havitawahi kukutana hata barabara ifike Mombasa. Hesabu imekujibu kwa ukweli swali uliloiuliza, ni vile hukuuliza swali la kitabu.

Dawa: kabla ya namba yoyote chora mshale na uandike "kulia ni chanya". Saa hiyo B inakuwa -3, momenta inakuwa 6 - 3 = 3, na mambo yanabadilika kabisa. Mimi siwakubalii wanafunzi wangu waandike fomula kabla nione huo mshale. Wanalalamika ati unachelewesha, lakini ni sekunde tatu tu, na wale wanaruka huo mshale ndio wananitumia picha Jumapili.

Na ukishaamua kulia ni chanya, ni chanya mpaka mwisho wa swali. Nimewahi kuona mtu amebadilisha katikati kwa sababu troli "sasa imegeuka". Troli inageuka, mshale wako haugeuki.

DALILI: Kuadratiki imekupa majibu mawili na hujui ni gani

Umeandika momenta: 2v1 + v2 = 3. Umeandika nishati mwendo, ½mv² ya kila troli ukajumlisha: v1² + ½v2² = 13.5. Ukaweka v2 = 3 - 2v1 ndani ya ile ya pili, ukapanua mabano, ukafika v1² - 2v1 - 3 = 0, na hapo unapata v1 = 3 ama v1 = -1. Wengi wanachagua 3 juu ni chanya na inakaa safi. Jibu linakuwa limekosewa kwa hatua ya mwisho kabisa, inauma.

Hebu iangalie hiyo 3 vizuri. Ndio velositi ile A ilikuwa nayo mwanzoni. Ukiirudisha kwa momenta unapata v2 = -3, ile ya B ya mwanzo. Hiyo ni hali ya kabla ya mgongano, imerudi kwako kama jibu, kwa sababu ulichouliza ni "nipe velositi zenye momenta yao ni 3 na nishati yao ni joule 13.5" na hali ya mwanzo pia inatimiza hayo masharti yote mawili. Hesabu haijui saa. Haijui kabla na baada. Kwa hivo kila mara, kwa kila swali la elastiki la laini moja, kuadratiki itakupa jibu moja la zamani na moja jipya, na unachukua jipya. Hakuna kubahatisha.

Na hii pia ni kipimo kizuri cha kazi yako: kama majibu yako mawili hakuna hata moja linafanana na velositi ya mwanzo, basi kuna kosa la kupanua mabano mahali, rudi nyuma.

Lakini ukweli ni kwamba sipendi hii njia ya kuadratiki na nimeshaacha kuifundisha kwanza. Kuna njia fupi na ni halali kabisa, si ujanja. Panga momenta hivi, kila kitu na chake:

m1(u1 - v1) = m2(v2 - u2)

Panga nishati hivyo hivyo, ile nusu inajikata pande zote:

m1(u1² - v1²) = m2(v2² - u2²)

Sasa gawa ya chini kwa ya juu. Tofauti ya skwea mbili inavunjika, masi zinapotea zote, unabaki na u1 + v1 = v2 + u2. Ipange tena: u1 - u2 = v2 - v1. Kwa maneno ya kawaida, kasi ya kukaribiana ndio kasi ya kuachana. Basi. Haijalishi nani mzito nani mwepesi.

Kwa mfano wetu zinakaribiana na 3 - (-3) = 6, kwa hivo lazima ziachane na 6, yaani v2 = v1 + 6. Ingiza kwa momenta: 2v1 + v1 + 6 = 3, v1 = -1, v2 = 5. Laini mbili na hakuna skwea hata moja.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali zuri sana hapa, ile kuadratiki ilikuwa na majibu mawili, hii ina moja, lile lingine limeenda wapi? Limetupwa pale tulipogawa. Kugawa kwa (u1 - v1) kunaruhusiwa tu kama hiyo si sifuri, na ikiwa sifuri maana yake v1 = u1, hakuna mgongano. Kwa hivo tulipogawa tulisema tayari "hizi troli zimegongana kweli". Niliona furaha kwa uso wake, na yangu ilikuwa kubwa zaidi.

DALILI: Nishati ya baada hailingani na ya kabla, na swali limesema elastiki

Hapa kuna magonjwa kadhaa yenye dalili moja, kwa hivo uliza maswali kwa mpangilio huu.

Kwanza angalia kalkuleta. Ukibonyeza kutoa, tatu, skwea, bila mabano, kalkuleta nyingi zinakupa -9, kwa sababu zinaskwea 3 kwanza alafu zinaweka ile kutoa. Kwa mfano wetu utapata nishati ya kabla 9 - 4.5 = 4.5, na ya baada -1 + 12.5 = 11.5, na utakaa hapo saa nzima ukitafuta joule 7 zilitoka wapi. Hazikutoka popote. Weka mabano, (-3)², ama tupa ile kutoa kabisa ukiskwea manake nishati haina upande. Nishati mwendo haiwezi kuwa hasi, ukiona joule hasi mahali popote kwa swali la mwendo simama hapo hapo.

Pili angalia vipimo. Kama mpira ni gramu 200 na troli ni kilo 1, na wewe umeandika 200 na 1, umefanya mpira uwe mzito kuliko troli mara 200. Ukitumia gramu kwa vyote viwili velositi zitatoka sawa, masi zinakatana, lakini ukitaka joule lazima urudi kwa kilo. Mwendo pia, swali la gari linaweza kukupa 72 kwa saa na lingine 15 m/s ndani ya sentensi moja. 72 km/h ni 20 m/s, gawa kwa 3.6.

Tatu, na hii ndio ya kusikitisha kwa sababu mtoto anajua kila kitu, swali halikuwa elastiki. Umesoma "zinagongana" ukakimbia. Tafuta haya maneno: zikashikana, zikaenda pamoja, risasi ikakwama ndani ya mbao, mabehewa yakajiunga. Ukiona moja ya hayo weka nishati kando, tumia momenta peke yake na v moja. Chukua kilo 2 na 3 m/s igonge kilo 1 iliyosimama. Zikishikana zinaenda pamoja na 2 m/s, nishati inashuka kutoka joule 9 hadi 6, theluthi imeenda. Zikiwa elastiki ya nyuma inabaki na 1 m/s na ya mbele inaondoka na 4 m/s, na nishati ni 1 + 8 = 9, imekaa. Swali tofauti, jibu tofauti, na namba za mwanzo ni zile zile.

Na kinyume chake pia kipo. Kuna mtu anaona matatu mbili zimegongana pale Jogoo Road kwa swali, zikaachana baada ya kugongana, anasema "hazikushikana kwa hivo ni elastiki". Hapana. Kuachana si elastiki. Bampa ikikunjika, nishati imeenda kukunja chuma na kupasha moto na kupiga ile kelele, hairudi. Elastiki ni nishati mwendo yote imerudi. Kati ya kushikana kabisa na elastiki kabisa kuna migongano mingi ya katikati, na karibu kila kitu unachoona barabarani kiko huko katikati.

DALILI: Una ekwesheni moja na vitu viwili havijulikani

Hii nawaonea huruma watu wa fomu 3 kwa silabasi ya 8-4-4, manake mada ya sheria za Newton, ndani yake kuna momenta na migongano, inakuja kabla ya mada ya kazi na nishati. Kwa hivo mtoto anaambiwa "mgongano elastiki nishati mwendo inahifadhiwa" wakati nishati mwendo bado hajakaa nayo vizuri, anaikariri kama sentensi, na akifika kwa swali anaandika momenta peke yake alafu anakwama na v1 na v2. Si ujinga wake. Anahitaji ekwesheni ya pili na hajaonyeshwa ni kwa nini iko.

Njia ninayotumia ni bano, zile za kioo tulizocheza tukiwa wadogo, watu wa Pwani wanaziita gololi. Weka tano zikigusana kwa mfereji, hata zile rula mbili zilizowekwa sambamba zinatosha, alafu rusha mbili pamoja zigonge laini kutoka upande mmoja. Upande ule mwingine zinatoka mbili. Sasa uliza, kwa nini haitoki moja na mwendo mara mbili? Momenta ingekuwa sawa kabisa, mbili mara v ama moja mara 2v, zote ni 2mv. Momenta peke yake haiwezi kukataa. Nishati ndio inakataa: mbili zikiingia na v zina mv² kwa jumla, moja ikitoka na 2v ingekuwa na 2mv², imezidi mara mbili, na hakuna mtu aliyeongeza nishati mahali. Mtoto akishaona hivo kwa macho yake hasahau tena kwamba sheria ni mbili.

DALILI: Kizito umekiacha pale pale, kimekaa sifuri

Umeona kitu chepesi kimegonga kizito kilichosimama, ukaandika chepesi kinarudi na mwendo ule ule na kizito v = 0. Usijisikie vibaya, mwanafalsafa Mfaransa René Descartes aliandika karibu hivyo mwaka 1644, kwamba mwili mdogo hauwezi kusongesha mkubwa uliotulia, utarudi tu na mwendo wake wote. Alikosea na ni rahisi kuona. Kilo 1 na 4 m/s igonge kilo 3 iliyosimama. Ukisema inarudi na -4 na kubwa imekaa, nishati ni joule 8 kabla na 8 baada, vizuri, lakini momenta imetoka 4 ikawa -4. Ile bano ilionyesha momenta peke yake haitoshi, hapa nishati peke yake ndio haitoshi. Jibu la kweli ni ndogo inarudi na -2 na kubwa inaenda na 2. Momenta: -2 + 6 = 4. Nishati: 2 + 6 = 8. Ukuta ukigongwa na mpira unaonekana hausongi kwa sababu umeshikana na dunia nzima, si kwa sababu vizito havisongi.

DALILI: Umepata jibu hasi ukalifuta

Liache. Hasi inasema kimerudi kilikotoka. Kama swali linauliza kasi, andika namba na useme upande gani kwa maneno.

DALILI: Umekariri fomula ndefu na sasa hukumbuki m1 - m2 ama m2 - m1

Ile v1 = [(m1 - m2)u1 + 2m2u2] / (m1 + m2) na ndugu yake. Watu wanazikariri usiku wa kuamkia mtihani na kwa chumba cha mtihani zinabadilishana viatu. Ushauri wangu wa kweli ni usizikariri, tumia kukaribiana na kuachana kama pale juu. Lakini kama umeandika na huna uhakika, zipime na hali ambazo jibu lake unalijua bila karatasi. Masi zikiwa sawa, velositi zinabadilishana tu, cha kwanza kinachukua ya pili na cha pili ya kwanza. Kizito sana kikigonga chepesi kilichosimama, kizito kinaendelea karibu kama kawaida na chepesi kinarushwa na karibu mara mbili ya mwendo wake, na kamwe si zaidi ya mara mbili, kwa hivo ukipata kilichokuwa kimesimama sasa kinaenda mara tatu ya kilichokigonga, jibu limekosewa bila hata kuangalia kazi. Chepesi kikigonga kizito kilichosimama kinarudi nyuma.

Na kuna njia nyingine naipenda kwa roho yangu yote, imetoka kwa Mholanzi Christiaan Huygens, aliyeandika kuhusu migongano kwenye miaka ya 1650 ingawa kitabu chenyewe kilichapishwa 1703 ashafariki. Aliwaza mtu aliye ndani ya boti inayoteleza kwa mfereji akigonganisha mipira miwili, na mwenzake amesimama ukingoni anaangalia. Mgongano ni mmoja, wanaona velositi tofauti, na sheria lazima iwafanyie kazi wote wawili. Sisi tuweke matatu mahali pa boti. Panda matatu inayoenda pole pole sambamba na troli zetu, na mwendo wake ni momenta yote gawa kwa masi yote, 3 gawa kwa 3, ni 1 m/s. Kutoka kwa dirisha lako A inaonekana inaenda 3 - 1 = 2, na B inaonekana -3 - 1 = -4. Hapo ndani momenta ya jumla ni sifuri, na mgongano elastiki unakuwa rahisi kama nini, kila kitu kinageuka tu na mwendo wake ule ule: A inakuwa -2, B inakuwa 4. Shuka kwa matatu, yaani ongeza ile 1: -1 na 5. Jibu letu hilo.

DALILI: Swali ni la pande mbili, yaani x na y, na pembe imekataa

Watu wa chuo, hii ni yenu. Kosa la kwanza ni kugawanya nishati kwa x na y kana kwamba ina upande. Momenta ndio ina upande, iandikie laini mbili, moja ya x moja ya y. Nishati ina laini moja tu, na unaweka mwendo mzima.

Kama masi ni sawa na cha pili kilikuwa kimesimama na mgongano si wa uso kwa uso, pembe kati yao baada ya kugongana ni 90. Kila mara. Sababu ni nzuri sana: masi zikikatwa, momenta inasema mshale u ni mshale v1 kuungana na mshale v2, hiyo ni pembetatu, na nishati inasema u² = v1² + v2². Hiyo ni Pythagoras! Pembetatu yenye hiyo tabia ina kona ya mraba na hakuna njia nyingine. Kwa hivo mpira wa 5 m/s ukikengeuka digrii 37 unabaki na 4 m/s, na ule mwingine unaenda na 3 m/s upande wa pili kwa digrii 53. Jumla 90, na 16 + 9 ni 25.

Sasa kuna mtu anaenda kwa meza ya puli mtaani, anagonga, anapima kwa macho, anarudi kuniambia ticha si 90. Ni kweli na fizikia haijavunjika. Mpira mweupe unafika ukiwa unabiringika, na ule mzunguko haupotei kwa mgongano, kwa hivo baada ya kugonga kitambaa kinausukuma mbele tena na njia yake inajikunja. Ndio maana pia ukigonga uso kwa uso mweupe hausimami kabisa, unafuata nyuma kidogo. Ukitaka uone usimame, upige chini kidogo ya katikati ufike ukiteleza bila kubiringika.

DALILI: Mpira umeanguka sakafuni ukarudi, na momenta imepotea

Haijapotea, umesahau dunia kwa hesabu. Mpira peke yake unasukumwa na sakafu, kwa hivo momenta ya mpira peke yake haihifadhiwi, usiandike ekwesheni ya momenta hapo. Tumia kimo. Ukiuachilia kutoka mita 1 ukarudi sentimita 64, nishati iliyobaki ni asilimia 64, na mwendo wa kurudi ni 0.8 ya mwendo wa kufika, manake nishati inafuata skwea ya mwendo. Hiyo 0.8 ndio kuachana gawa kwa kukaribiana. Ikiwa 1 ni elastiki, ikiwa 0 vimeshikana.

DALILI: Swali limeficha masi na pia limeficha velositi

Unaona kama haiwezekani. Iliwezekana Cambridge mwaka 1932, mwanafizikia James Chadwick alikuwa na chembe isiyoonekana, hajui masi yake wala mwendo wake, anachojua tu ni vile inarusha vingine. Ikigonga haidrojeni, masi 1, inairusha na mpaka karibu 3.3×10⁷ m/s. Ikigonga nitrojeni, masi 14, inairusha na mpaka karibu 4.7×10⁶ m/s. Kilichogongwa kikiwa kimesimama v = 2Mu/(M + m), M na u ni masi na mwendo wa chembe, m ni masi ya kilichogongwa, kwa hivyo gawa moja kwa nyingine, 2Mu yote inakatika, unabaki na (M + 14)/(M + 1) = karibu 7. Fanya mwenyewe, M inatoka 1 na kitu kidogo. Yeye alipata kama 1.15, leo tunajua ni 1.009 hivi, na hiyo ndio nyutroni. Kwa hivo ukiona visivyojulikana viwili, tafuta kama swali limekupa migongano miwili, gawa, na kisichotakiwa kitakatika.

DALILI: Kwenye maabara momenta ya baada ni ndogo kuliko ya kabla

Mimi mwenyewe nikiwa shule tulipoteza kipindi kizima na hii na mwisho tukaambiwa tuandike tu namba zinazolingana. Usiandike. Namba zako zina habari.

Anza na reli. Isukume troli kidogo bila kugonga kitu na uangalie nukta za utepe, ule troli inavuta na mashine ya tiketaima inaupiga nukta, kama zinakaribiana basi msuguano unaila, inua upande mmoja wa reli na vijitabu mpaka nukta zikae na nafasi sawa. Alafu utepe wenyewe: stima yetu ni hertz 50, mashine inapiga nukta 50 kwa sekunde, kwa hivo nukta moja mpaka nyingine ni sekunde 0.02, na nukta 11 ni nafasi 10, sekunde 0.2. Ukihesabu nukta badala ya nafasi kwa pande zote mbili kosa linajificha manake linakatana, lakini ukihesabu hivi kabla na vile baada, momenta inaruka karibu asilimia 10 na utalaumu troli. Pima karibu na mgongano, nafasi chache kabla na chache baada, si mwisho wa utepe. Troli zote mbili zikiwa zinatembea kila moja inahitaji utepe wake.

Momenta ikishakubali alafu nishati bado iko chini, kumbuka kosa la asilimia 5 kwa mwendo ni kama 10 kwa nishati, kwa hivo usishtuke haraka. Ikiwa chini zaidi ya hapo, sikiliza mgongano wenyewe. Chuma kwa chuma kikilia paa, troli zinatetemeka na nishati inaishia humo. Weka springi mbele ya troli moja, ama bora zaidi sumaku mbili zinazosukumana, moja kwa kila troli, ndio zigeuke bila kugusana, na upime tena.